Mnara na Doa la Angani

Watu wengine hupiga picha harusi na watoto wao. Yeye alipiga picha kuta. Kila alipomaliza kazi, kabla hajakusanya miko na ndoo zake, mwashi huyu alichomeka chini mti mrefu wenye mkono juu, akaning'iniza kwenye ule mkono uzi wa timazi, wenye chuma kizito chini cha kuunyoosha, akarudi nyuma hatua mbili na kupiga picha ili uzi na ukuta vionekane vimesimama pamoja, mti ukibaki nje ya picha. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya filamu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli mahali kifuniko kilipolegea. Picha alizipanga kwenye boksi la viatu. Mwenye nyumba akija baada ya mwaka kulalamika kwamba ukuta umelala, fundi hakubishana naye. Alifungua boksi.

"Uzi huu hapa, ukuta huu hapa. Sasa nionyeshe aliyelala ni nani."

Kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita Timazi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Hakusoma sana. Aliacha shule akiwa hajajua kugawanya vizuri, lakini ukimpa uzi na jiwe la kuufunga anakwambia nyumba yako itaanguka upande gani.

Kisha ukaja mnara wa maji.

Ulikuwa mnara wa matofali ya kuchoma, mita kumi na nane, na tangi limekaa juu kama kofia. Aliujenga kwa miezi saba, na tofali la mwisho aliliweka kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kupiga picha wingu zito lilikuwa linakuja, na uzi wake mweupe wa pamba, uzee ukiwa umeshaumaliza, ukakatika mara mbili. Mkewe ni mshonaji. Alikuwa amemletea chakula, akapekua mkoba wake na kumpa uzi wa nailoni, ule usio na rangi wa kushonea mapindo ya nguo, ukiwa bado kwenye bobini ya cherehani.

"Hiyo bobini unirudishie," alimwambia. "Ni ya mashine ya zamani, siku hizi hazipatikani."

Fundi alifunga uzi, akatumbukiza timazi kwenye ndoo ya maji kama kawaida yake ili upepo usiichezee, akapiga picha moja, na mvua ikawashukia. Walikimbia na vyombo vichwani. Picha iliposafishwa, uzi haukuonekana hata kidogo. Aliitupa kwenye boksi kwa hasira, maana picha ya ukuta isiyo na uzi kwake ilikuwa sawa na shahidi bubu. Na bobini hakuirudisha. Mkewe alimkumbusha, akachoka, akaamua kumkumbusha kila Jumapili tu.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa idara ya maji, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango iliyopo, alikwenda kuupima mnara. Akaandika barua: mnara umelala vidole vinne. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa idara, chini ya muhuri. Maji yaliendelea kutoka bombani kama kawaida, lakini fundi alifutwa kwenye orodha ya waashi wa jengo jipya la shule. Alikwenda idarani mara tatu kuomba wapime tena, na mara tatu aliambiwa faili limefungwa.

Jina jipya lilikuja lenyewe. Wakaanza kumwita Fundi Upogo, fundi wa kuta za kwenda upande.

Jina baya halihitaji kubebwa, lina miguu yake. Alilisikia dukani, akalisikia msikitini na kanisani, maana pande zote alikuwa na watu wake. Siku moja alilisikia kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye hakujua hata upogo ni nini. Siku hiyo alirudi nyumbani, akashusha boksi la viatu na kuitafuta ile picha isiyo na uzi.

Binti yake, muuguzi wa zahanati, aliipiga picha hiyo kwa simu ili waitume idarani. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kinyozi wa jirani, na kinyozi, ambaye hajawahi kuona simu ya mtu bila kuichungulia, akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja.

"Na hiki je?"

"Kipi?"

"Hiki hapa angani, kando ya mnara. Kama sahani mbili zimefunikana."

Fundi akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Aliona doa. "Ni uchafu wa kioo," alisema. "Tazama ukuta."

Hakuna aliyetazama ukuta. Kufika jioni picha ilikuwa imezunguka mji. Baada ya siku tatu ilikuwa gazetini, ukurasa wa kwanza, chini ya maneno makubwa kuhusu chombo kisichojulikana. Na gazeti, ili doa litokee vizuri, lilikuwa limeukata mnara.

"Wameukata," fundi alimwambia mkewe, akimnyooshea gazeti. "Miezi saba ya jasho langu, wameukata kwa mkasi."

Mwandishi wa habari alikuja na swali lake tayari. "Mzee, ulijisikiaje ulipokiona?"

"Sikukiona."

"Lakini umekipiga picha."

"Nilipiga picha ukuta. Hata wewe ungekuwa na adabu ungeuliza habari za ukuta."

Kinyozi alimwonya kwa upole. "Jirani, watu wanakuja kutoka mbali. Wananyoa hata ambao hawana nywele. Sema uliona taa kidogo. Taa mbili tu. Utapungukiwa nini?"

"Nitapungukiwa jina. Nililokuwa nalo mmeshalila, hili lililobaki niachieni."

Jambo lingeishia kwenye benchi kama si kwamba nyuma ya mnara, mbali kidogo, kuna uwanja wa ndege ndogo. Rubani mmoja aliliona gazeti akaandika barua, na barua ikafika Ofisi ya Usalama wa Anga. Huko barua haitupwi. Wakaja watu wawili na gari lenye vumbi. Mkuu wao alikuwa mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mwenzake alikuwa mpima ardhi, mwembamba na mkimya, anayebeba sanduku la chombo chake kama mtu aliyembeba mtoto mgonjwa.

Walikaa sebuleni kwa fundi. Mkaguzi aliomba filamu yenyewe badala ya picha ya simu. Aliitazama kwa kioo cha kukuza, akaondoka nayo hadi studio, na alasiri akarudi na picha iliyokuzwa kiasi cha kufunika meza.

"Filamu haijachezewa," alisema. "Hilo nimelihakikisha. Sasa naomba kukuuliza waziwazi, mzee. Ulirusha kitu? Kifuniko, sahani, chochote?"

"Mama, mimi nina miaka hamsini na minne. Nikirusha sahani, mke wangu hapa ataniuliza kabla ya serikali."

Mkewe, aliyekuwa anamimina chai, aliguna kukubali.

Mpima ardhi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mkaguzi hakutabasamu, lakini alivua miwani. "Tatizo letu ni hili. Kama kitu hiki kiko kule juu ya uwanja wa ndege, basi kina ukubwa wa nyumba. Kama kiko karibu na kamera, kinaweza kuwa kidogo kama kifungo. Picha peke yake haisemi. Kwa hiyo kesho tutakwenda pale ulipopigia, tuupime mnara, urefu wake na unyoofu wake, halafu tuutumie kama rula ya kupimia vitu vingine vyote."

Fundi aliweka kikombe chini taratibu sana. "Mtaupima mnara?"

"Lazima. Mimi siandiki ninachodhani. Naandika nilichopima."

Miezi mitano alikuwa ameomba kitu hicho kwenye dirisha la idara akajibiwa na muhuri. Leo kimekuja chenyewe na gari, kimekaa kwenye kochi lake. Alitaka kusema jambo, badala yake akanywa chai ya mkaguzi bila kujua.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka jikoni, "njoo uniteremshie sufuria."

Sufuria ilikuwa imeshateremshwa. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya jiko, amejishika kiuno.

"Ile ni bobini yangu," alinong'ona.

"Ipi?"

"Kwani umeniibia bobini ngapi? Ile kwenye picha. Kwenye simu ilikuwa kama nzi, lakini pale mezani nimeona matundu yake. Matundu manne upande huu, na pembeni pamebonyea pale nilipoikanyaga. Nikiota nashona, ndiyo ninayoiona."

Fundi akasimama kama nguzo. Akaiona siku ile yote. Uzi wake wa pamba siku zote aliufunga kwenye ncha. Lakini siku ile mvua ilikuwa inamfukuza, akafunga nailoni katikati, upande mmoja ukashuka na timazi hadi kwenye ndoo, na upande wa pili, na bobini yake, akauacha uning'inie juu karibu na ule mkono wa mti. Mwashi akitega timazi macho yake huenda chini, kwenye ndoo, kuona kama imetulia. Juu hatazami. Miaka thelathini ya kazi ilimfundisha kutotazama juu. Na nailoni, iliyouficha uzi wa timazi, ikauficha na huu ulioshika bobini.

"Sasa nyamaza," mkewe alisema. "Wapime kwanza kesho, ndiyo useme. Ukisema leo wanafunga faili lao na kupanda gari, na wewe utakufa ukiitwa Upogo."

"Niwadanganye mpaka kesho?"

"Kunyamaza si kudanganya."

Aliufikiria ushauri huo, tena kwa haki, maana mwanamke huyu alikuwa na akili kumzidi na wote wawili walijua. Usiku mmoja tu. Nani angejua? Halafu akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Mama watoto, tofali la kwanza likienda pembeni, hilo la juu hulinyooshi kwa maombi. Wakijua baadaye kwamba nilijua, kipimo chenyewe kitakuwa cha nini?"

Mkewe alimnyooshea kola ya shati. "Nenda basi," alisema. "Ila uso wako usiwe hivyo. Nenda kama mtu aliyeshiba."

Alirudi sebuleni na kuwaambia yote, akiwa amesimama, kuanzia wingu hadi bobini. Mkewe alileta bobini nyingine ya mashine ileile, akaiweka kwenye picha kando ya doa. Vililingana kama mapacha, ukiacha pale palipobonyea. Mpima ardhi alicheka bila sauti, mabega yakiruka. Mkaguzi aliitazama bobini, akamtazama fundi, akafunga daftari kwa pumzi ndefu ya mtu aliyesafiri kilomita mia mbili kwa ajili ya cherehani.

"Tunashukuru kwa ukweli wako, mzee. Basi kazi imekwisha. Tutaandika."

"Utaandika nini?"

"Kwamba ni bobini."

"Umeipima?"

Mkaguzi alisimama nusu, mkono kwenye mkoba.

"Saa hizi hizi umeniambia huandiki unachodhani," fundi aliendelea. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Mimi nasema ni bobini. Mke wangu anasema ni bobini. Sisi ni nani? Mimi mnara wangu umeandikwa na mtu aliyedhani kwamba umelala. Kama ofisi yenu nayo inaandika kwa maneno ya jikoni, sawa. Kama sivyo, kesho nitauchomeka mti wangu palepale, niining'inize bobini palepale, na nyinyi mpime kila kitu, mnara wa kwanza."

Binti yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema baadaye kwamba alidhani baba atafukuzwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkaguzi alikaa tena.

"Huo mnara una ugomvi gani?"

Akamwambia. Hakupunguza neno, na vidole vinne alivionyesha kwa vidole vyenyewe.

Mkaguzi akamgeukia mwenzake. Mpima ardhi, ambaye tangu afike alikuwa hajasema sentensi nzima, akasema, "Bila kuupima, ripoti itakuwa na tundu." Wakakubaliana saa nane mchana kesho yake, saa ileile ya picha.

Habari ilitembea. Ilipofika saa nane, nusu ya mtaa ilikuwa pale, kinyozi akiwa mbele na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Msimamizi wa idara alikuja kufungua lango, akijaribu ufunguo baada ya ufunguo. Fundi alichomeka mti wake kwenye shimo lilelile la zamani, akaning'iniza uzi, akajaza ndoo maji na kuitumbukiza timazi. Bobini ileile ya siku ya mvua, aliyoikuta bado kwenye vyombo vyake, ikabaki juu, ikizunguka polepole na kumeta kila jua lilipoigusa.

"Hicho ndicho chombo?" mtu aliuliza kwa huzuni.

"Ndicho," kinyozi akajibu. "Abiria wameteremka."

Mkaguzi aliielekeza kalamu yake kwenye ndoo. "Hii ya nini?"

"Ya kutuliza. Timazi ikining'inia kwenye upepo inatembea. Ukiisoma inapotembea, utaandika chochote. Ndani ya maji inakaa."

Mkaguzi akamgeukia msimamizi, si kwa ukali, kwa kutaka kujua tu. "Wewe ulipopima ulitumia ndoo?"

Msimamizi alihesabu funguo zake. "Siku ile," alisema mwishowe, "palikuwa na upepo kidogo."

Mpima ardhi alisimamisha chombo chake juu ya miguu yake mitatu, akainama, akazungusha vigurudumu vidogo kwa ncha za vidole. Alipima kutoka upande huu, akahamia upande ule. Ilichukua saa nzima, na fundi katika saa hiyo hakukaa hata mara moja. Mkewe alimshikia kofia. Fundi aliona mabonde ya saruji kati ya matofali, kila moja alilolipitishia kidole, akawa kama mzazi nje ya chumba cha mtihani. Mpima ardhi alipomaliza aliukaribia mnara, akauwekea kiganja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Milimita sita. Kutoka chini hadi juu."

Mkaguzi aliandika. "Inaruhusiwa ngapi?"

"Kwa urefu huu? Hata thelathini na tano nisingesema neno."

Watu wakaguna. Mkewe akamkabidhi kofia yake, lakini fundi hakuivaa. Alikuwa amekunja uso.

"Sita?"

"Sita, mzee. Ni kazi safi sana."

"Kwa upande gani?"

"Unaelekea mashariki."

"Hilo ni jua," fundi alisema. "Sasa hivi linaupiga mgongoni, upande wa magharibi tofali linavimba, mnara unainama kidogo kulikimbia. Njoo alfajiri ukuta ukiwa baridi."

"Baba," binti alimvuta mkono, "umeshinda. Twende nyumbani."

"Nimesema aje alfajiri."

Na mpima ardhi akaja, ingawa mkaguzi alimwambia si lazima. Alikuja peke yake, jua halijachomoza. Kinyozi aliapa kwamba alikuwepo naye pia, lakini hakuwepo. Walikuwa wanaume wawili tu na chombo cha miguu mitatu, na umande kwenye nyasi. Mpima ardhi alitazama kwa muda mrefu, akafuta kioo, akatazama tena. Halafu alijitoa na kumpisha fundi aone mwenyewe.

"Mbili," alisema. "Nimepima minara ya watu waliosomea kazi hiyo ng'ambo. Sijawahi kuandika mbili."

Fundi aliimwaga ndoo iliyobaki pale tangu jana, taratibu kwenye mizizi ya nyasi, akakunja uzi. Alipofika nyumbani mkewe alimuuliza, akamwonyesha vidole viwili, na wote wawili wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ripoti ilikuja baada ya mwezi na nusu, kurasa kumi na moja na muhuri mkubwa kuliko ule wa idara. Binti aliisoma kwenye benchi la kinyozi. Watu walitaka ukurasa wa mwisho, wa bobini.

"Ukurasa wa saba," fundi aliagiza, maana kwenye orodha ya yaliyomo alikuwa ameona neno mnara.

Binti akaupata ukurasa wa saba. Alisoma polepole, kama anavyowasomea wagonjwa maelekezo ya dawa: "'Vipimo vyote vya picha hii vimechukuliwa kwa kutumia mnara wa maji kuwa rejea, kwa sababu, baada ya kupimwa mara mbili, umethibitika kusimama wima kuliko kitu kingine chochote kinachoonekana pichani.'"

"Rudia," fundi alisema.

Akarudia.

"Kuliko kitu kingine chochote," kinyozi alirudia naye, akiisimamisha mashine. Kisha akasafisha koo. "Fundi Timazi, na wageni wa angani je? Ripoti inasemaje?"

"Wageni walikuja," fundi alijibu. "Wawili, na gari. Walikunywa chai yetu, wakaupima mnara, wakaondoka salama."

Siku hiyohiyo aliichukua ripoti hadi idarani, akaiweka kwenye dirisha la msimamizi, imefunguliwa ukurasa wa saba. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Halafu akatoka nje hadi kwenye ubao, akaing'oa ile barua pini kwa pini, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi mbele ya watu, akaikunja na kuitia mfukoni kwenye funguo zake. Wiki iliyofuata fundi alikuwa kwenye msingi wa jengo la shule.

Mkewe aliiandikia Ofisi ya Usalama wa Anga barua yake mwenyewe, fupi, akidai bobini mbili zilizotumika kuwa ushahidi. Moja ilirudi. Ile ya pili, ile ya pichani, walisema ilipotea ilipoanguka mtini wakati wa kupima. Kila Jumapili anamkumbusha mumewe akaitafute kwenye nyasi, chini ya mnara, na kila Jumapili mumewe anakwenda, tena bila kuvutwa, na anakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kutafuta bobini.